Corolla 110 imefeli kipimo cha moshi, CO 4.8 ikiwa sailensi. Tuanzie wapi?

#1 Mwana_Usagara
Habari za jioni wakuu. Gari ni Corolla 110 ya 1996, injini 5A-FE, otomatiki. Kuna kampuni inataka kuikodi kwa safari za Geita na sharti lao ni karatasi ya kipimo cha moshi. Imepimwa hapa Mwanza mjini, imefeli. Namba ni hizi (CO ni gesi ya mafuta yaliyoungua nusu, HC ni petroli isiyoungua, lambda ni uwiano wa hewa na mafuta: 1 ndiyo sawa, chini yake mafuta yamezidi):

Sailensi (injini inazunguka bila kukanyaga mafuta): CO 4.8%, HC 420 ppm, CO2 11.3%, O2 0.6%, lambda 0.875
Resi 2,500 (mizunguko kwa dakika): CO 2.1%, HC 190 ppm, CO2 13.4%, O2 0.5%, lambda 0.955

Wanachotaka wao: CO isizidi 0.5 sailensi na 0.3 kwenye resi, HC isizidi 200, lambda iwe kati ya 0.97 na 1.03. Plagi mpya, filta ya hewa mpya, taa ya injini haiwaki. Fundi wa kwanza anasema nozeli (zinazopuliza petroli kwenye injini) zioshwe, wa pili sensa ya oksijeni, wa tatu anataka kushusha injini. Kabla hela haijaanza kutembea, tuanzie wapi?

#2 Ngosha_Igoma
Nimeshika siti ya mbele na karanga zangu. Ila pongezi kwa kuja na namba. Wengi huja na "gari inanuka petroli, msaada tafadhali" halafu wanapotea.

#3 Bi_Lambda
Kwanza tujue kama kipimo chenyewe ni cha kuaminika. Jumlisha CO na CO2 za sailensi: 4.8 + 11.3 = 16.1. Jumla ikishuka chini ya 12 hivi, ujue bomba la moshi limetoboka au pua ya mashine haikuingia vya kutosha (angalau sentimita 30), inavuta hewa ya nje. Hapa sampuli ni safi.

Pili, O2 ni 0.6 tu, maana yake karibu hewa yote imetumika na petroli imebaki haina cha kuunguzia. Hizi si dalili za plagi kukosa moto. Plagi ikikosa moto HC inapaa hadi elfu na zaidi, na O2 inapanda pamoja nayo kwa sababu hewa inatoka haijatumika. Gari yako inapewa mafuta mengi kuliko hewa, na sailensi ndiyo imezidi.

Aliyekwambia ushushe injini mshukuru, mpe soda, endelea na safari.

#4 Sega_Moja
Mnazunguka mbuyu. Ingia chini ya gari uangalie kama masega (katalisti, kisafisha moshi kwenye bomba) yapo. Corolla nyingi hapa mjini zimebaki na kopo tupu. Masega yalishakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kwa sababu yana platinamu, paladi na rodi ndani. Ligonge lile kopo kwa nyundo ya mpira bomba likiwa baridi. Likilia kama debe tupu, yametolewa. Likichakacha, yamevunjika. Bila masega huwezi kuona CO 0.3 hata injini iwe mpya ndani ya boksi.

#5 Bi_Lambda
@Sega_Moja sentensi yako ya mwisho nakubali, ila haielezi 4.8. Masega huigeuza CO kuwa CO2 kwa kutumia oksijeni iliyobaki kwenye moshi. Kwa O2 ya 0.6 hata masega mapya yangefanya kazi kidogo sana, hayazalishi hewa. Injini ya namna hii isiyo na masega, mafuta yakiwa sawa, hutoa CO ya 0.5 hadi 1 hivi. Kutoka hapo hadi 4.8 kuna ugonjwa mwingine.

#6 Kapteni_Mwalo
Petroli unanunua wapi mkuu? Kuna watu wananunua ya madumu kule mialoni kwa sababu ya bei. Ile mara nyingi imeshachanganywa na oili ya injini za mitumbwi, 50 kwa 1, yaani mililita 400 kwenye dumu la lita 20. Ukiimwaga kwenye Corolla, plagi zinapata masizi, moshi unakuwa na ubluu, HC inapanda.

#7 Mwana_Usagara
@Kapteni_Mwalo petroli ni ya sheli tu, sina mtumbwi.

#8 Ngosha_Igoma
Kapteni kila uzi ni mtumbwi. Juzi mtu kauliza friji inavuja, ukamwambia akague propela.

#9 Mlima_Bugando
Mnasahau Mwanza tuko juu, ziwa lenyewe liko mita 1,134 kutoka usawa wa bahari. Hewa nyepesi, mafuta yanazidi. Gari zinazopita kipimo Dar huku zinafeli, hiyo ni fizikia.

#10 Mzee_Kabureta
@Mlima_Bugando hiyo fizikia ni ya kabureta, kijana wangu. Jeti ya kabureta haijui iko wapi, kwa hiyo kwa mwinuko huu mafuta yanazidi kama asilimia 5 au 6. Ile 5A-FE ina sensa ya presha, sensa ya MAP, inayopima hewa iliyomo ndani ya manifoldi. Mwinuko inausoma wenyewe na kupunguza mafuta.

Ila hapo hapo kwenye MAP kuna mchezo. Sensa iko pembeni kwenye ukuta wa injini, na inapata vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) kwa kimpira chembamba kutoka manifoldi. Hicho kimpira kikipasuka au kikiziba, sensa inasoma presha kubwa kuliko iliyopo, kontroli boksi (kompyuta ya injini) inadhani umekanyaga mafuta, inamwaga. Ndiyo maana kwenye Toyota za MAP hewa ikiingia kwa wizi mafuta yanaweza kuzidi, wakati gari zenye kipima hewa cha mlangoni hupungukiwa mafuta. Mafundi wengi wanazichanganya hizi mbili.

#11 Multimita_Kirumba
Naongezea kwa @Mzee_Kabureta, shikamoo mzee. Namna ya kupima MAP: funguo ON, injini imezimwa, chomeka multimita kwenye waya wa PIM (ishara ya sensa) na E2 (hasi yake). Vitabu vinasema volti 3.3 hadi 3.9, lakini hizo ni za usawa wa bahari. Presha ya Mwanza ni kama kPa 88, si 101, na kila kPa 13 inayopungua inashusha kati ya volti 0.3 na 0.5. Kwa hiyo ukikuta 3.1 huku, usiilaani sensa, iko sahihi. Ukiwasha, sailensi ishuke hadi karibu 1.5 au chini yake. Ikigoma kwenye 2 kwenda juu, vakyumu haifiki au injini haivuti vizuri.

#12 Mzee_wa_Rejeta
Wataalamu wa volti nawaheshimu, ila mmeruka kitu cha kwanza kabisa. Hiyo gari ina themostati (vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto)?

Mafundi wetu gari ikichemka mara moja tu wanatoa themostati na kuunga feni moja kwa moja. Kuchemka kunaisha, mteja anafurahi. Lakini injini haifiki tena nyuzi 80, na kontroli boksi inasoma maji ya nyuzi 55 au 60, inadhani gari ndiyo kwanza imewashwa asubuhi, inaendelea kuongeza mafuta siku nzima. Sailensi ndiyo huumia zaidi, kwa sababu hapo joto ni dogo na feni inazunguka bila sababu. Kwenye resi joto linapanda kidogo na namba zinapungua, kama hizi za mleta mada.

Namna ya kujua bila kufungua kitu: washa gari ikiwa baridi kabisa, weka mkono kwenye rejeta. Ikianza kupata joto taratibu tangu dakika za mwanzo, hakuna themostati. Ikiwepo, rejeta inabaki baridi muda mrefu halafu joto linakuja kwa mkupuo.

#13 Sega_Moja
Kama ingekuwa hivyo taa ya injini ingewaka. Amesema haiwaki.

#14 Multimita_Kirumba
@Sega_Moja hapana. Kosa namba 22 la sensa ya joto la maji linajiandika waya ukikatika au ukigusana, yaani usomaji usiowezekana. Nyuzi 58 ni usomaji unaowezekana kabisa, kontroli boksi haina sababu ya kulalamika.

Na @Mwana_Usagara, hiyo taa inawaka funguo ikiwa ON kabla hujapiga stata? Kama haionekani hata hapo, mtu kachomoa globu. Kama inawaka na kuzima, soma makosa: injini iwe ya moto, izime, AC imezimwa, unganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya kwenye kile kiboksi cha plastiki chini ya boneti, funguo ON, hesabu mipepeso. Ikipepesa mfululizo kwa mwendo mmoja, hakuna kosa. Namba 21 ni oksijeni, 22 joto la maji, 31 ni MAP. Kufuta, chomoa fyuzi ya EFI kwa sekunde 10 au zaidi.

Sensa ya joto yenyewe ipime kwa omu: nyuzi 20 iwe kati ya 2,000 na 3,000, nyuzi 80 iwe 200 hadi 400. Pima ile ya waya mbili. Ya waya mmoja ni ya geji ya dashibodi, haihusiki, na wengi wanabadilisha hiyo halafu wanashangaa.

#15 Fundi_Asiyelala
Nozeli. Gari ya 1996, nozeli hazijawahi kuoshwa, zinadondosha. Osha, funga, kapime.

#16 Bi_Lambda
@Fundi_Asiyelala inawezekana, ila kuna kipimo kabla ya kuosha. Funga geji ya presha kwenye njia ya mafuta. Gari ikiwa sailensi, mpira wa vakyumu wa regyuleta (inayodhibiti presha ya mafuta) ukiwa mahali pake: psi 31 hadi 37. Ukiuchomoa na kuuziba, ipande hadi 38 hadi 44. Isipobadilika, regyuleta imekwama au vakyumu haifiki. Halafu unuse huo mpira. Ukikuta petroli ndani yake, dayaframu imepasuka na injini inanywa mafuta ghafi kupitia manifoldi. Hapo hata uoshe nozeli kwa maji ya baraka.

Kisha zima gari uangalie geji kwa dakika 5. Ikibaki juu ya psi 21, sawa. Ikiporomoka, bana mpira wa kurudisha mafuta urudie. Ikiacha kushuka ni regyuleta. Ikiendelea, ni nozeli inayodondosha au vali ya pampu kwenye tangi.

#17 Mkerewe_Halisi
Nimesoma yote, nimeelewa nusu. Naomba wa kwangu pia: hailaksi yangu ya kabureta inatoa moshi mweusi, nayo ni themostati?

#18 Mzee_Kabureta
@Mkerewe_Halisi wewe ni mtu wangu. Anza na choki: je, inafunguka yote injini ikipata moto? Halafu usawa wa mafuta kwenye bakuli, utazame kwenye kioo, uwe kwenye alama. Ukizidi, sindano ya floti imelika. Ukimaliza hayo, injini ikiwa moto, kaza skrubu ya mafuta ya sailensi hadi injini ianze kutetemeka, irudishe nje hadi itulie, ishia hapo. Usiiguse kabla ya choki na floti, utaficha ugonjwa.

#19 Ngosha_Igoma
Mkerewe kapata matibabu kabla ya mwenye mgonjwa. Mleta mada yuko wapi?

#20 Mwana_Usagara
Nimerudi. Shukrani kwa wote.

Taa inawaka funguo ikiwa ON, kwa hiyo globu ipo. Mipepeso ni ya mfululizo, hakuna kosa. Themostati: haikuwepo. Kopo lake tupu, feni imeungwa moja kwa moja kama alivyosema Mzee wa Rejeta. Imewekwa mpya ya nyuzi 82, feni imerudishwa kwenye swichi yake. Kimpira cha MAP kilikuwa kigumu na kina ufa mwishoni, kimekatwa kipande na kurudishwa. Volti funguo ON 3.2, sailensi 1.4.

Vipimo vipya, mashine ile ile:

Sailensi: CO 1.6%, HC 310 ppm, CO2 13.7%, O2 0.5%, lambda 0.965
Resi 2,500: CO 0.6%, HC 140 ppm, CO2 14.4%, O2 0.6%, lambda 1.005

Bado imefeli, ila si kama mwanzo.

#21 Mzee_wa_Rejeta
Mlisikia. Themostati haifiki hata bei ya kuosha nozeli. Wakati wa kufunga, kile kitundu chenye kipini kikae juu ili hewa itoke. Na mpya nayo ijaribiwe kwanza kwenye sufuria ya maji yenye kipimajoto, ianze kufunguka kati ya 80 na 84. Mwanza maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo yakianza kububujika iwe wazi kabisa. Za bandia zipo zinazofunguka 70.

#22 Mzee_Kabureta
Na ufa wa kimpira je? Umeubeba wote kwenye themostati kana kwamba kimpira hakikuwepo. Vimerekebishwa siku moja, hakuna anayeweza kusema kipi kilishusha CO.

#23 Sega_Moja
Mmefika kwangu sasa. Tazameni resi 2,500: lambda 1.005, yaani mafuta na hewa viko sawa kabisa, lakini CO 0.6 na O2 0.6 zinatoka pamoja kwenye bomba moja. Masega yakiwa mazima na ya moto, hizo mbili zinakutana na kumalizana. Zote zingekuwa karibu na sifuri. Hayo ni masega yaliyokufa au hayapo. @Bi_Lambda ulisema mwenyewe 0.5 hadi 1 ni injini isiyo na masega.

#24 Bi_Lambda
@Sega_Moja kwa resi sina ubishi, umenishika kwa maneno yangu. Ila sailensi lambda ni 0.965, bado mafuta yamezidi, na hiyo si kazi ya masega. Ukifunga masega mapya sasa hivi, yatapelekewa mafuta yasiyoungua kila gari ikisimama kwenye foleni ya Buhongwa, yanaweza kuharibika mapema. Kwanza sailensi.

#25 Multimita_Kirumba
Sailensi mimi naiona kwenye sensa ya oksijeni. @Mwana_Usagara hesabu waya zake. Ikiwa na waya mmoja haina hita, inategemea joto la moshi. Gari ikikaa sailensi inapoa, inalala, na kontroli boksi inarudi kukadiria mafuta bila kuangalia matokeo.

Kipimo: shikilia resi 2,500 kwa dakika 2, achia, tazama CO kwenye mashine. Ikianza chini halafu ikapanda polepole baada ya nusu dakika au dakika moja, sensa imelala. Ikiruka juu pale pale ulipoachia, mafuta yanavuja mahali. Kwa multimita, kwenye resi hizo sensa nzima icheze kati ya 0.1 na 0.9, angalau mara 8 ndani ya sekunde 10. Ikicheza mara 2 au 3, imezeeka.

#26 Kapteni_Mwalo
Oili mmeisahau. Gari ilitembea muda mrefu baridi na mafuta yakizidi, kwa hiyo petroli imeteremka kwenye sampu (bakuli la oili). Vuta dipstiki unuse, na uangalie kama kiwango kimepanda. Sasa injini inapata moto, petroli ile inageuka mvuke na kurudi kwenye manifoldi kupitia vali ya PCV (inayorudisha mvuke wa oili kwenye injini). Sailensi hewa ni kidogo, kwa hiyo mvuke huo unaonekana sana. Chomoa mpira wa PCV upande wa kava ya vali, uzibe upande wa manifoldi, pima tena. CO ikishuka, mwaga oili na filta yake.

#27 Ngosha_Igoma
Kapteni leo hajataja mtumbwi na kasema kitu cha maana. Andikeni tarehe.

#28 Fundi_Asiyelala
Bado nasema nozeli. Tone la nozeli ni lile lile sailensi na kwenye resi, ila sailensi hewa ni ndogo, kwa hiyo linaonekana huko. Nani kapima presha? Hakuna.

#29 Mlima_Bugando
Swali la pembeni. Hao jamaa wanaitaka gari ya 1996 ifikie CO 0.5, ni haki? Japani kwenyewe gari za kizazi hicho kwenye ukaguzi zinaruhusiwa CO 4.5 na HC 1,200. Ile 1% na 300 ilikuja na zile za viwango vya 1998.

#30 Bi_Lambda
@Mlima_Bugando kweli, na Uingereza gari zilizoanza kutumika kati ya Agosti 1986 na Julai 1992 zinaruhusiwa 3.5%. Lakini anayekodi ndiye anayeweka sharti, na ile 4.8 ya kwanza ingefeli hata Japani.

#31 Mwana_Usagara
Sensa ina waya mmoja. Dipstiki inanuka petroli, kiwango kiko juu ya alama ya F. Geji ya presha naazima Jumamosi. Masega mapya bei imenitisha, kuna jamaa wa Nyakato ana ya kuchinja kutoka kwenye Corolla nyingine, nichukue?

#32 Sega_Moja
Ya kuchinja mulika tochi upande mmoja, tazama upande wa pili. Vitundu viwe wazi vyote, vya mraba, bila kuyeyuka katikati wala rangi nyeupe ya chokaa. Ikiwa nyeusi ya masizi inaweza kupona ikipata moshi safi. Ikiwa na ulaini wa oili, iache.

#33 Fundi_Asiyelala
Kwa hiyo oili, sensa, regyuleta au nozeli. Nne. Na mimi nina moja kati ya hizo nne.

#34 Kapteni_Mwalo
Anza na mpira wa PCV kabla ya Jumamosi, hauhitaji geji wala hela. Na oili ikimwagwa, usipime siku hiyo hiyo. Itembeze kwanza hadi Kigongo na kurudi, injini ipate moto wa kutosha, ndipo uipeleke kwenye mashine bila kuizima kwenye foleni.

#35 Mkerewe_Halisi
Choki ilikuwa imefungwa kwa waya. Ahsante Mzee Kabureta.